Ndege Iliyo Karakanani Si Aibu ya Taifa

SAZA, Songwe

IMEJENGEKA miongoni mwetu, watumishi wa umma na walimu tukiwamo, tabia ya kuipima ndege ya Taifa kwa jambo moja tu: iko angani au iko chini. Ikiwa angani tunapiga makofi. Ikiwa chini tunanuna, tunabeza, na baadhi yetu tunanong'ona ya kwamba Taifa limeuziwa makopo. Kipimo hicho ni cha kitoto. Mtu mzima, tena aliyekabidhiwa dhamana ya umma, hana budi kuuliza swali la pili: iko chini kwa sababu gani? Maana ipo ndege iliyo chini kwa uzembe, na ipo ndege iliyo chini kwa kutii sheria. Ya kwanza ni aibu. Ya pili ni heshima, na taifa lisiloweza kuzitofautisha hizo mbili litakuja kulipa tofauti hiyo kwa roho za watu.

Makala haya yanahusu matengenezo ya lazima ya injini za ndege, na hasa mfumo wa mafuta unaozilisha injini hizo. Huenda msomaji akashangaa kwamba mada kama hii inaandikwa kutoka Saza, katika wilaya ya Songwe, ambako wengi wetu huiona ndege kwa kuinua macho tu. Lakini ndege za Serikali zimenunuliwa kwa fedha ya umma, na kodi inayokatwa katika mshahara wa mwalimu wa Saza haina tofauti na ile inayokatwa katika mshahara wa mkurugenzi aliyeko Dar es Salaam. Mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inatunzwaje. Na mwenye mali anayenyamaza asimlaumu mtunzaji.

AMRI SI OMBI

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mkataba wa Chicago uliotiwa saini Desemba 7, 1944, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1962, muda mfupi tu baada ya Uhuru, uligawa wajibu kwa namna iliyo wazi. Nchi iliyoidhinisha muundo wa ndege au injini ina wajibu wa kutangaza kila inapogundulika kasoro inayohatarisha maisha, na kuamuru dawa yake. Nchi iliyoiandikisha ndege ina wajibu wa kuipokea amri hiyo, kuipima, na kuhakikisha inatekelezwa katika ndege zilizo chini ya himaya yake. Ndege zetu zina alama ya 5H. Kwa hiyo, ziwe zimetengenezwa Marekani, Canada au Ulaya, mwenye kauli ya mwisho juu ya kuruka kwake ni Tanzania, kwa mkono wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliyoundwa mwaka 2003.

Amri ya namna hiyo huwa na kikomo. Itasema: kagua pampu hii kabla ya saa kadhaa za kuruka; badili bomba lile kabla ya mitua kadhaa; ng'oa sehemu hii kabla ya tarehe fulani. Kikomo kikipita bila kazi kufanyika, ndege hiyo si halali tena kuruka, hata kama inang'aa kwa rangi, hata kama injini inanguruma vizuri, hata kama abiria wamekwisha kufunga mikanda. Amri hiyo haina kifungu kinachosema "isipokuwa kama mheshimiwa ana haraka". Wala haina kifungu cha msimu wa sikukuu.

Wapo wanaoiona sheria hii kuwa ni urasimu wa kigeni. Hao hawajajua ilivyoandikwa. Karibu kila mstari wake umeandikwa baada ya maziko.

MFUMO WA MAFUTA

Mchimbaji mdogo wa Saza anayesaga mawe yake katika karasha analijua somo hili kuliko makarani wengi. Anajua kwamba injini ya dizeli haifi kwa sababu ya kukosa nguvu. Mara nyingi hufa kwa sababu ya maji kidogo yaliyoingia katika mafuta, au chujio lililoziba, au bomba lililopata ufa mdogo likavuta hewa. Ndiyo maana fundi mwenye akili humwaga maji ya chini ya chujio kabla ya kuwasha, hata kama mteja anapiga kelele kwamba anacheleweshwa. Mteja akiondoka kwa hasira, fundi huyo hajapata hasara. Injini ikifa katikati ya kazi, wote wawili wamepata hasara.

Injini ya ndege inafuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa ukali zaidi. Mafuta hutoka katika matangi yaliyo ndani ya mabawa, yakasukumwa na pampu, yakapita katika kifaa kinachoyapasha joto, yakachujwa, yakasukumwa tena kwa shinikizo kubwa, yakapimwa, kisha yakanyunyizwa katika tanuri la injini kwa kiasi kamili kinachotakiwa kila nukta. Kiasi kikipungua, nguvu hupungua. Kikikatika, injini huzimika. Yakivuja mahali penye joto, huwa moto. Gari likizimika katika mlima, dereva hulisogeza kando na kuweka majani barabarani. Angani hakuna kando, wala hakuna mahali pa kuweka majani.

Tutazame mifano michache, maana hoja isiyo na mifano ni hotuba tu.

Julai 17, 1996 ndege ya Boeing 747 ya shirika la TWA la Marekani ililipuka angani karibu na New York, na watu wote 230 wakafa. Uchunguzi ulichukua miaka minne. Ilionekana kwamba mvuke wa mafuta katika tangi la katikati uliwaka, na chanzo kilichoelekea zaidi kuwa cha kweli ni hitilafu ya umeme. Kutokana na msiba huo wakaguzi walianza kutazama upya nyaya zinazopita ndani ya matangi ya ndege za aina nyingine. Mei 1998 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru Boeing 737 za zamani zilizokwisha kuruka saa nyingi zisiruke tena mpaka nyaya za pampu zao za mafuta zikaguliwe, kwa kuwa ganda la nyaya hizo lilikuwa likisagika ndani ya bomba lake. Ndege hizo zilikuwa za familia moja na Boeing 737-200 ambazo Air Tanzania ilikuwa imezirusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Waya uliosagika haujali bendera iliyochorwa mkiani.

Januari 17, 2008 Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing ilikaribia kutua London. Rubani alipohitaji nguvu zaidi, injini zote mbili zilikataa. Ndege ilianguka kabla ya kufika njia yake, na kwa bahati kubwa watu wote 152 waliokuwa ndani walitoka wakiwa hai. Wachunguzi waligundua nini? Barafu. Maji kidogo, ambayo kwa kawaida huwamo katika mafuta ya ndege, yaliganda ndani ya mabomba katika baridi kali ya safari ndefu. Mafuta yaliposukumwa kwa wingi wakati wa kutua, barafu ile ilibanduka na kuziba vijitundu vya kile kifaa cha kupasha mafuta joto. Kifaa kilichowekwa ili kuzuia barafu kilizibwa na barafu. Mwezi Novemba mwaka huo huo injini moja ya ndege nyingine ya aina ile, ya shirika la Delta, ilipungukiwa nguvu kwa njia hiyo hiyo ikiwa angani. Kifaa kikasanifiwa upya, na mashirika yaliyokuwa na injini zile yakaamriwa kukibadili kwa lazima.

Angalia basi: mafuta yalikuwa safi kwa viwango vyote, marubani walikuwa hodari, shirika lilikuwa kubwa na tajiri. Kilichowaponya waliofuata ni amri, karakana na tarehe ya mwisho, wala si sifa ya shirika.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi, maana unahusu ndege za ukoo wa ATR ambazo wasafiri wa Tanzania wanazifahamu. Agosti 6, 2005 ndege ya ATR 72 ya kampuni ya Tuninter ya Tunisia ilitua baharini karibu na Sicily baada ya kuishiwa mafuta. Watu 16 kati ya 39 walikufa. Siku moja kabla yake mafundi walikuwa wamebadili kipimo cha mafuta, wakaweka cha ATR 42, ndugu yake mdogo. Vifaa hivyo viwili vinafanana kwa umbo na vinaingia katika tundu moja. Kipimo kikawaonyesha marubani mafuta ambayo hayakuwapo. Mwenye kupenda kusema "weka hicho hicho kilichopo, kitafanya kazi" na aukumbuke mfano huo.

USHAURI NA LAZIMA

Wapo watakaosema: tuachieni wenyewe, tutakagua tukipata nafasi. Hapo ndipo penye tofauti kati ya ushauri na lazima. Juni 12, 2025 Boeing 787-8 ya Air India ilianguka Ahmedabad mara tu baada ya kuruka. Kati ya watu 242 waliokuwamo alipona mmoja, na wengine 19 waliokuwa ardhini walikufa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa India ilieleza kwamba nukta chache baada ya ndege kuinuka, swichi mbili za kupeleka mafuta katika injini zilihama kutoka mahali pa kuwasha hadi mahali pa kukata. Ripoti hiyo ilitaja pia kwamba Desemba 2018 mamlaka ya Marekani ilikuwa imetoa waraka wa kushauri mashirika yakague kufuli za swichi za namna hiyo, na kwamba Air India haikufanya ukaguzi huo, kwa hoja kwamba waraka ulikuwa wa ushauri, haukuwa wa lazima.

Ripoti ile haikusema kwamba kufuli ndizo zilizosababisha ajali, na si haki kwa mtu yeyote kuisingizia. Lakini somo la utawala liko wazi. Baada ya msiba, India iliagiza ukaguzi wa swichi hizo ukamilike kabla ya Julai 21, 2025. Kazi iliyokuwa imekaa bila kufanywa kwa zaidi ya miaka sita ikapewa siku chache. Ndivyo yalivyo maofisi yote duniani, na yetu yamo: jambo la hiari husubiri, jambo la lazima hufanyika. Anayetaka matengenezo ya usalama yawe ya hiari anataka yasifanyike.

HISTORIA YETU WENYEWE

Tusidhani kwamba misiba hii ni ya mbali. Aprili 18, 1972 ndege ya Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali yetu sote watatu, Tanzania, Kenya na Uganda, ilishindwa kusimama katika uwanja wa Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga kipande cha chuma kilichoangushwa na ndege nyingine, tairi likapasuka, rubani akaamua kuacha kuruka. Breki hazikutosha. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaporomoka, tangi la mafuta katika bawa likapasuka, moto ukawaka, watu 43 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya wakati wa matengenezo. Kosa la spana lilingoja kimya mpaka siku ilipohitajika breki.

Shirika hilo lilivunjika mwanzoni mwa 1977, na Machi 11 ya mwaka huo Air Tanzania ikaundwa. Tulipata jina, tulipata nembo ya twiga, tukapata moyo. Lakini karakana kuu, na ghala za vipuri, na mafundi wengi waliozizoea, vilikuwa Nairobi. Hiyo ndiyo maana halisi ya utegemezi: kumiliki chombo ambacho mwingine ndiye anayejua kukifungua. Kwa miaka mingi iliyofuata tulilipa gharama ya kuwa na ndege bila karakana, na Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ililazimika kuondoa cheti cha uendeshaji cha shirika letu wenyewe kwa upungufu wa taratibu za usalama. Wakati ule wengi waliilaumu Mamlaka. Walikosea. Chombo cha dola kilichomnyima ndugu yake kibali kwa ajili ya usalama kilifanya kazi ambayo kiliundwa kuifanya.

Wazee wa hapa Saza wana historia yao iliyo karibu na hiyo. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa katika miaka ya 1920, na mgodi wa New Saza ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya mkoloni katika machimbo hayo mpaka ulipofungwa mwaka 1956. Dhahabu iliondoka, mashimo yakabaki. Mwenye mashine na mwenye ujuzi walikuwa mtu mmoja, naye alipoondoka aliondoka na vyote. Tukinunua ndege bila kununua ujuzi wa kuzitunza, tunairudia historia hiyo kwa gharama kubwa zaidi, tena kwa hiari yetu.

WALIOTUUZIA

Mwaka 2016, chini ya uongozi wa Hayati Rais John Magufuli, Serikali ilianza kulifufua shirika. Zikaja Dash 8 za Canada, ikaja Boeing 787-8 mwaka 2018, na Desemba ya mwaka huo ikaja Airbus A220-300, ya kwanza kuingia katika bara la Afrika. Uamuzi huo ulikuwa wa kizalendo na hauhitaji kuombewa radhi. Lakini mwishoni mwa 2022 shirika lililazimika kutangaza kwamba baadhi ya A220 zake nne zimesimama kwa sababu ya matatizo ya injini zilizoundwa na Pratt & Whitney. Tatizo hilo halikuwa la mfumo wa mafuta, lakini sheria ni ile ile: injini iliyofikia kikomo chake hung'olewa, iwe pana ya badala au hapana.

Hapa ndipo minong'ono ya "makopo" ilipozidi. Minong'ono hiyo ilikuwa ya uongo. Injini za ukoo huo ziliwatesa hata airBaltic ya Latvia na Swiss ya Uswisi. EgyptAir, shirika kongwe kuliko letu, iliamua kuziuza A220 zake zote 12. Hatukudanganywa peke yetu. Kiwanda kikubwa cha nchi tajiri kiliuza dunia nzima injini isiyofikia umri iliyoahidiwa, kisha foleni ya matengenezo ikawa ndefu.

Lakini katika foleni hiyo, nani husubiri zaidi? Shirika lenye ndege mia lina injini za akiba na wanasheria wa kutosha. Shirika lenye ndege nne za aina hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake zikisimama mbili. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka 2022/23 ilionyesha hasara ya Shilingi bilioni 56.64 kwa ATCL, kutoka bilioni 35.24 mwaka uliotangulia, na kusimama kwa ndege kwa hitilafu za injini kulitajwa miongoni mwa sababu. Fedha hiyo ni madarasa, ni nyumba za walimu, ni dawa za zahanati. Kasoro ilizaliwa katika kiwanda cha bepari. Bili ikaletwa kwa mkulima wa Songwe.

Kwa hiyo tuseme bila kumung'unya: kutii amri ya kusimamisha ndege ni wajibu wetu, lakini kulipa gharama yote ya kosa la mwenye kiwanda si wajibu wetu. Wanaoandika mikataba kwa niaba ya Taifa wanapaswa kuhakikisha kwamba injini ya badala, vipuri na fidia vimeandikwa katika karatasi kabla ya ndege kupokewa kwa ngoma. Kalamu iliyosahau kifungu hicho imetugharimu sawa na spana iliyosahauliwa ndani ya injini.

LAWAMA YA ULAYA

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti na Tanzania, kwa kudai kwamba usimamizi wa usalama wa mamlaka yetu una upungufu mkubwa. Mara tukagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza likasema hizo ni njama za mabeberu, basi yameisha. Kundi la pili, lenye kasumba ile ya zamani, likafurahi, kana kwamba kudharauliwa na mgeni ni ushahidi wa usomi.

Makundi yote mawili yamekwepa kazi. La kwanza linadhani kwamba tukimjua adui tumekwisha kujitibu. La pili linadhani kwamba tukijidharau tumekwisha kuendelea. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, na jina lake tu linatosha kuwajibu wote: neno hilo halisemi tusahihishwe, wala halisemi tusihojiwe. Linasema tujisahihishe. Ikiwa wakaguzi wetu ni wachache, waongezwe. Ikiwa wanalipwa vibaya hata wakachukuliwa na makampuni wanayoyakagua, walipwe inavyostahili. Ikiwa kumbukumbu za matengenezo hazikamiliki, zikamilishwe. Tufanye hivyo hata kama Ulaya isingekuwapo duniani, kwa sababu anayepanda ndege ile Songwe kwenda Dar es Salaam ni Mtanzania.

KUPE WA KARAKANA

Lakini adui wa matengenezo hayuko ng'ambo peke yake. Yuko kati yetu, na anavaa sura tatu.

Wa kwanza ni mkubwa anayeulizia ndege badala ya kuulizia usalama. Huyu hasemi kamwe "vunjeni sheria". Ana maarifa zaidi. Hupiga simu na kuuliza, "Kwani hilo bomba haliwezi kungoja mpaka Jumatatu?" Fundi mwenye watoto shuleni anaelewa maana ya swali hilo. Mkubwa huyo hataonekana katika ripoti ya ajali. Itaonekana sahihi ya fundi.

Wa pili ni mpangaji wa bajeti anayeiona fedha ya matengenezo kuwa ni fedha ya kupunguza. Kununua kuna picha, kuna utepe wa kukata, kuna gazeti. Kubadili chujio hakuna picha. Ndiyo sababu katika nchi yetu tumeona matrekta yakifa kwa kukosa kipuri kimoja, pampu za maji za vijijini zikigeuka viota vya ndege, na hata TAZARA, reli ya ukombozi inayopita hapa mkoani Songwe hadi Tunduma, ikidhoofika kwa vichwa vya treni na njia kukosa matunzo. Tofauti ni kwamba pampu ya kijiji ikifa tunarudi mtoni. Pampu ya ndege ikifa hakuna pa kurudi.

Wa tatu ni sisi wenyewe, wasemaji wa barazani na katika vyumba vya walimu, tunaomcheka rubani aliyekataa kuruka na kumsifu dereva wa basi aliyefika mapema. Umma unaoshangilia haraka huzaa viongozi wanaoogopa kuchelewa, na viongozi wanaoogopa kuchelewa huzaa mafundi wanaotia sahihi bila kutazama.

LA KUFANYA

Yapo mambo yanayowezekana, tena bila kungoja msaada.

Kwanza, fundi anayekataa kutia sahihi kwa sababu ya usalama alindwe kwa maandishi, na yeyote anayemshinikiza ahesabiwe kuwa ametenda kosa, si kuwa ameonyesha bidii. Pili, kila ndege ya Serikali inaponunuliwa, fedha ya injini za akiba, vipuri na mafunzo ihesabiwe kuwa ni sehemu ya bei ya ndege hiyo, isiachwe kuwa ombi la mwaka ujao. Tatu, ndege inaposimamishwa, wananchi waelezwe siku hiyo hiyo: ni amri gani, inataka nini, na kazi itachukua muda gani. Uvumi huota pale ambapo ofisi ya habari imelala. Nne, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho tayari kinafundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege, kipewe karakana, vifaa na walimu wa kutosha, ili siku moja injini itakayofunguliwa Kilimanjaro au Dar es Salaam ifunguliwe na kijana aliyesoma shule ya kata.

Na hapo mwalimu ana zamu yake. Mhandisi wa ndege haanzii karakanani. Anaanzia katika darasa la fizikia, kwa mwalimu aliyemfundisha shinikizo na joto bila kuruka ukurasa, na aliyekataa kumpa alama kwa jibu ambalo "linakaribia". Mwanafunzi aliyezoea kukaribia ataweka kipimo cha ATR 42 katika ATR 72, maana vinakaribiana. Mwalimu wa Saza anayemrudisha mtoto aipime tena ile nusu sentimita anailinda ndege ambayo huenda asiipande maishani mwake.

Mtumishi wa umma naye ana lake. Ukiambiwa kesho kwamba safari yako ya kikazi kutoka Songwe imeahirishwa kwa sababu ndege inakaguliwa pampu ya mafuta, usiitafute namba ya mkubwa unayemfahamu. Panda basi, au subiri. Kikao kitangoje. Hakuna kikao katika nchi hii, kiwe cha wilaya au cha Taifa, ambacho kina thamani ya roho za abiria wa ndege moja.

Uhuru wa nchi haupimwi kwa idadi ya ndege zinazopita juu ya vichwa vya wananchi. Hupimwa pia kwa uwezo wa kusema "hairuki" mbele ya mwenye kiwanda, mbele ya mwenye cheo na mbele ya umati wenye haraka, kisha kuifungua kwa mikono yetu, kuitengeneza kwa akili zetu, na kuirudisha angani ikiwa salama. Hiyo ndiyo kazi ya kujitegemea. Nayo huanza na spana, chujio, na mtu mmoja asiyekubali kutia sahihi jambo ambalo hakulitazama.